Tupeane uzoefu: warfarin na chai za miti shamba

Uzi huu ni wa wanaomeza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na wanaouguza mtu anayeimeza. Tafadhali wekeni vipimo, "kiasi" na "kidogo" hazisaidii mtu.

Muuguzi wa Kisauni: Chai ya tangawizi haina neno, kipande cha kidole gumba kwa birika zima. Kahawa chungu finjani mbili jioni, sawa pia. Balaa ni unga wa tangawizi kijiko kizima kila asubuhi, au ule mchanganyiko wa thomu mbichi, tangawizi na ndimu. Hivyo viwili vikizidi, chembe sahani za damu hazishikani vizuri, na INR, kile kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, haionyeshi hilo. Karatasi ya maabara inasoma 2.5, safi kabisa, na fizi zinatoka damu.

Marikiti, viungo na majani: Mlonge ni kinyume chake. Majani yana vitamini K, ambayo ini huitumia kutengeneza vigandisha damu, na warfarin kazi yake ni kuizuia. Mtu anatia unga wa mlonge kwenye uji, INR inashuka chini ya 2, daktari anaongeza dozi. Pakiti inaisha, mlonge unaachwa, dozi imebaki kubwa. Hapo ndipo watu huvuja damu na kulazwa. Mteja akiniambia anatumia warfarin simuuzii unga huo mpaka kliniki yake ijue. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki msiache jamani! Kula kiasi kile kile wiki hadi wiki.

Mfamasia, Likoni: Naongeza. Ukianza au ukiacha mti wowote, pima INR baada ya siku tano hadi saba, kwani nguvu ya warfarin mwilini haibadiliki kwa siku moja. Ramadhani mlo hugeuka, kwa hiyo pima mapema; kidonge kimezwe baada ya futari, saa ile ile. Antibiotiki kama Flagyl na Septrin hupandisha INR, mwambie anayekuandikia. Brufen na diclofenac, dawa za maumivu, usiguse. Dawa za chupa zisizo na lebo pia, maana nyingine huchanganywa na dawa za maumivu. Hijama nayo iahirishwe.

Muuguzi wa Kisauni: Wanaotumia rivaroxaban, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, mchicha hauwahusu wala INR. Thomu ya kupindukia inawahusu vile vile. Na kwa wote: kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kichwa kuuma ghafla, au umeanguka ukagonga kichwa hata bila jeraha, nenda kitengo cha dharura na pakiti ya dawa mkononi.