Nyumba niliyopanga Leicester ina cheti cha nishati herufi F, kuta zina kuvu na mtoto anakohoa, naombeni ushauri

Mama Naima
Habari zenu wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho maana nimechoka kweli. Niko Leicester, nilikuja kwa visa ya kazi ya kutunza wazee, niko na mume wangu na mtoto wa miaka mitatu. Tumepanga kanyumba ka zamani, zile za matofali mekundu zilizounganishwa mstari mzima kama mabehewa, vyumba viwili juu, sebule na jiko chini. Kodi hatujawahi kuchelewesha hata siku moja.

Shida ni baridi na kuvu. Chumba anacholala mtoto, ile kona ya ukuta wa nje nyuma ya kabati imekuwa nyeusi tii, nafuta kwa dawa Jumamosi, Jumamosi inayofuata imerudi palepale. Juzi nimetoa sweta lake kabatini nakuta mkono mmoja umeota manyoya ya kijani, niliketi kitandani nikalia. Asubuhi madirisha yanatiririka maji kwa ndani mpaka natandika taulo chini. Gesi hakuna, hita zote ni za umeme zile za kubandika ukutani, mita ni ya kununua kabla kama LUKU ya nyumbani, naweka paundi kumi Ijumaa jioni, Jumapili mchana imekata na nyumba haijapata joto. Mtoto anakohoa tangu Novemba, daktari ameshampa pampu ya kuvuta dawa.

Mwenye nyumba nimempigia mara nne. Jibu lake ni moja, sisi ndio tunaoleta unyevu kwa sababu tunapika sana na kuanika nguo ndani. Wiki iliyopita mwenzangu kazini akaniambia nyumba za kupanga huku lazima ziwe na cheti cha matumizi ya nishati, EPC, nikaingia tovuti ya serikali nikaandika postikodi yetu, kikatokea: herufi F (A ndiyo bora, G ndiyo mbaya kabisa), alama 34, kimetolewa 2017. Nikamtumia skrinishoti, akanijibu kwamba cheti ni halali mpaka 2027 kwa hiyo yeye yuko ndani ya sheria na nisimsumbue.

Sasa naomba kujua, ni kweli yuko ndani ya sheria? Na nikienda kaunsili, yaani halmashauri ya mji, si atanitoa? Na visa yangu je, imeandikwa sitakiwi kugusa fedha za umma, nisije nikajiharibia. Mume wangu anataka tuhame kimyakimya.

Kijana wa Luton
Pole sana dada. Nunua rangi ya kuzuia kuvu, pakaa mara mbili, fungua madirisha kila asubuhi, itaisha.

Fundi Dari
Hapo juu, kwa heshima, rangi haitasaidia kitu, itafunika miezi miwili halafu kuvu litatokea juu ya hiyo rangi. Mimi kazi yangu ni kuweka insuleshini, yaani vitu vya kuzuia joto lisitoke, darini na kwenye kuta, mwaka wa saba sasa, wacha nieleze taratibu.

Hewa ya ndani ina mvuke, wa kupika, kuoga, kupumua tu. Huo mvuke ukikutana na kitu cha baridi unageuka maji, ndiyo hayo unayoyaona dirishani. Ukuta wa nje kama hauna kitu cha kuzuia joto unakuwa baridi karibu kama dirisha, na ile kona nyuma ya kabati ndiyo baridi kuliko zote kwa sababu hewa ya joto haipiti. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kupika maharage yaleyale, wa nyumba yenye kuta za joto asione hata doa, wewe ukapata kuvu. Kupika kunachangia, sikatai, lakini mwanadamu lazima apike na aoge, na nyumba inatakiwa iweze kuhimili hayo.

Sasa nifanyie kitu kimoja Mama Naima, toka nje mchana uangalie matofali ya mbele. Kama yote yamelala kwa urefu, refu refu refu, ukuta huo kwa kawaida ni wa tabaka mbili wenye nafasi katikati, unaweza kujazwa insuleshini kwa bei nafuu. Kama unaona refu halafu fupi halafu refu halafu fupi, basi ni ukuta mzito wa kizamani usio na nafasi, hayo mafupi ni vichwa vya matofali yaliyopita ukuta mzima kutoka nje mpaka ndani, na joto lako linapita humohumo. Halafu uniambie darini kukoje kama unaweza kuchungulia.

Bi Salma wa Mtaa wa Pili
Assalam aleykum. Dadangu mimi najitolea siku mbili kwa wiki kwenye ofisi ya ushauri wa wapangaji, na swali lako naliona kila baridi ikiingia. Huyo mwenye nyumba anachanganya mambo mawili, sijui kwa makusudi au hajui.

Cheti kuwa halali ni jambo moja. EPC inadumu miaka 10, cha 2017 ni kweli kinafika 2027. Lakini nyumba kuruhusiwa kupangishwa ni jambo lingine kabisa. England na Wales kuna kanuni za 2015 za nyumba za kupanga za watu binafsi, zinasema nyumba yenye F au G hairuhusiwi kupangishwa, lazima ifike angalau E. Zilianza tarehe 1 Aprili 2018 kwa mikataba mipya, na tarehe 1 Aprili 2020 zikashika hata mikataba ya wapangaji waliokuwa ndani tayari. E inaanzia alama 39, wewe uko 34. Kwa hiyo cheti chake halali kabisa ndicho kinachosema kwamba hatakiwi kuipangisha hiyo nyumba hivyo ilivyo.

Upenyo wake ni mmoja mkubwa, msamaha. Mwenye nyumba halazimishwi kutumia zaidi ya paundi 3,500 pamoja na VAT. Akishafanya yote yanayowezekana ndani ya hiyo pesa na bado haijafika E, anajiandikisha kwenye daftari la misamaha la serikali na unampa miaka 5. Lakini lazima awe ameandikishwa, na daftari hilo liko wazi mtandaoni, ingia utafute anwani yako. Kama haimo na hana msamaha, faini ni mpaka paundi 2,000 akiwa amevunja kanuni kwa chini ya miezi mitatu, mpaka 4,000 ikipita hapo, na zikijumlishwa zote haizidi 5,000 kwa nyumba moja. Anayetoza ni kaunsili.

Kuhusu visa, hili naomba ulishike vizuri maana wengi wanaumia kwa kuogopa. Kuripoti nyumba mbovu kaunsili si kuomba fedha za umma. Huombi posho wala huombi nyumba ya kaunsili, unaiomba serikali isimamie sheria yake kwa mtu anayekupangisha.

Mzee wa Coventry
Mimi nasimama upande wa pili kidogo, nina nyumba moja napangisha. Mwaka ule kanuni zinaanza nyumba yangu ilikuwa F ya 36 na mimi niliona ni usumbufu tu wa serikali, sikujua nyumba ina shida gani maana silali humo. Nikaweka insuleshini darini, unene wa milimita 270 ndio wanaopendekeza, nikabadilisha taa zote na kuweka hita bora zenye vidhibiti, mkaguzi akarudi ikafika E ya 47. Gharama haikukaribia hiyo 3,500. Mpangaji wangu alinipigia mwezi wa kwanza kuniambia anavua koti ndani ya nyumba.

Ushauri wangu kwa wenye nyumba wenzangu wanaosoma hapa, wekeni risiti na picha za kazi kabla dari haijafunikwa. Mkaguzi asipoona na asipopewa ushahidi anaandika kwa kukisia kwamba hakuna kitu, na alama zinashuka. Inawezekana hata hicho cha Mama Naima kilipigwa hivyo, mwenye nyumba akilipa mkaguzi upya anaweza kujua ukweli wake kabla ya kubishana na mtoto anayekohoa.

Kijana wa Luton
Lakini mimi nilidhani hizi sheria za nishati ni za nyumba mpya tu? Pale tunapojenga wanatusumbua kila hatua na Part L.

Fundi Dari
Ni vitu viwili mkuu. Part L ni sehemu ya kanuni za ujenzi, inakamata nyumba mpya na matengenezo makubwa, toleo lililoanza Juni 2022 linataka nyumba mpya itoe kaboni pungufu kwa asilimia 31 hivi kuliko kiwango kilichotangulia. Nyumba ya Mama Naima imejengwa labda kabla babu yake hajazaliwa, hakukuwa na mtu wa kuuliza ukuta unapitisha joto kiasi gani. Ndiyo maana kwa nyumba za zamani zinazopangishwa wakatunga hiyo kanuni ya E, na serikali imeshasema inataka zifike C ifikapo 2030.

Kaka Glasgow
Niongeze tu kwamba haya ni England na Wales, sisi Scotland tuna utaratibu wetu, wa huku asije akamnukulia mwenye nyumba wake vifungu visivyomhusu.

Dar_Mbagala
Nawasoma kutoka Dar, pole dada. Huku kwetu tunalia na joto, mtu anaezeka bati bila dari anaoka familia mpaka saa sita usiku halafu ananunua AC kwa uniti ya 356. Natamani na sisi tungekuwa na herufi inayobandikwa kwenye nyumba kabla hujalipa kodi ya miezi sita.

Mama Naima
Nimesoma zote, Mungu awabariki. Fundi, nimetoka nje nimeangalia, ni refu fupi refu fupi. Kwenye fremu ya mlango nimepima na rula ya mtoto, ukuta wote ni kama sentimita 25. Mume wangu amepanda juu ya ngazi akainua kile kifuniko cha dari, anasema kuna mbao, vumbi na magazeti ya zamani, hakuna kitu kingine, akishika anahisi upepo wa nje. Na daftari la misamaha nimetafuta anwani yetu, haimo.

Fundi Dari
Basi umepata jibu. Kuta hizo ni nzito, kuzivalisha insuleshini ni pesa nyingi, hapo 3,500 haitoshi na mwenye nyumba atalia kwa haki. Lakini dari tupu mwaka huu haina utetezi wowote, ni kazi ya siku moja kwa nyumba ndogo kama hiyo, mimi na kijana mmoja tunamaliza kabla ya saa kumi. Na hizo hita za umeme ndizo zinazovuta alama chini, kwa sababu alama za EPC zinahesabu gharama na umeme kwa uniti ni karibu mara nne ya gesi. Hita ya kilowati mbili inakula uniti mbili kila saa, ndiyo maana paundi kumi zako hazifiki Jumatatu.

Wakati unasubiri, sogeza kabati litoke ukutani kama upana wa kiganja, funika sufuria, funga mlango wa jiko na washa feni ya kutoa mvuke, na nunua kale kakipimo ka unyevu, ka bei ndogo tu, uandike namba asubuhi na jioni. Ikikaa juu ya asilimia 60 muda mwingi huku umefanya yote hayo, una ushahidi kwamba tatizo si mapishi yako.

Bi Salma wa Mtaa wa Pili
Na sasa acha kupiga simu, andika imeili. Simu hazina kumbukumbu na yeye anajua. Andika tarehe ulizompigia, ambatanisha EPC, picha za kuvu zenye tarehe, picha ya dari, barua ya daktari kama utaipata, taja kanuni za 2015 na useme daftarini hayumo, halafu mpe siku 14. Usimtukane, usimtishe, weka tu mambo yalivyo. Usisimamishe kodi hata siku moja, hapo ndipo wapangaji wengi wanapojifunga wenyewe.

Siku 14 zikipita kimya nenda kaunsili, kitengo cha nyumba za kupanga za binafsi. Waambie mambo mawili kwa pamoja, EPC F bila msamaha, na baridi na kuvu kwa mtoto mdogo. Hilo la pili wana mfumo wao wa kupima hatari, baridi kali ni mojawapo, na wakikuta ni daraja la kwanza sheria inawalazimu kuchukua hatua. Hakuna ofisa wa nyumba nchi hii asiyemjua Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale Desemba 2020 kwa kuvu la nyumbani kwao, baba yake alikuwa ameshalalamika na akaambiwa apake rangi. Sheria yenye jina lake imeanza Oktoba 2025 kwa nyumba za kaunsili na mashirika ya nyumba, wa binafsi tunaisubiri.

Kuhusu kutolewa, Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 inafuta ile notisi ya kuhama ya bila sababu kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Akikuletea karatasi yoyote usihame, usisaini, ilete kwanza kwenye mashirika ya ushauri, Citizens Advice au Shelter, ni bure.

Mama Naima
Narudi kuwapa majibu. Imeili nilituma, akanijibu siku ya tatu kwamba atatuma mtu wa kupaka rangi. Siku 14 zikaisha, mtu wa rangi hakuja wala wa dari. Kakipimo kanasoma 78 asubuhi chumbani kwa mtoto, nimeandika kwenye daftari siku kumi na moja mfululizo. Jana nimeripoti kaunsili, yule mama aliyepokea simu aliponisikia nataja F na daftari la misamaha akaniuliza nimejulia wapi haya, nikamwambia nimefundishwa na ndugu zangu.

Mkaguzi wao anakuja Jumanne saa nne asubuhi, nimebadilishana zamu kazini ili niwepo. Lile sweta sijalifua, nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki nitamuonyesha.