Ushauri: kupunguza mkaa, taka na uchovu ukiwa mpangaji wa chumba na sebule, LUKU ya pamoja

Mpangaji_Kimara

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mama wa watoto wawili, napanga chumba na sebule huku Kimara Korogwe, kazi yangu iko Posta. Nataka nyumba yangu ibadilike kidogo: mkaa upungue, taka zipungue, tule vizuri, na mimi mwenyewe niweze kupanda ngazi za ofisini bila kuhema kama nimekimbizwa. Nimesoma mambo mengi mtandaoni, ila mengi yameandikiwa watu wenye jiko la ndani, bustani, na gari la kuacha nyumbani mara moja kwa wiki. Gari sina, kwa hiyo hilo nimefaulu bila kufanya mtihani.

Hali halisi ni hii. Tuko wapangaji watano, LUKU moja, tunachanga sawa kwa sawa. Gesi ninayo, mtungi mdogo, ni ya chai na mboga. Maharage na makande nahamia kwenye mkaa. Maji ya bomba yanakuja kwa zamu, tunajaza madumu. Taka anabeba kijana wa mkokoteni, siku akitokea. Natoka alfajiri, narudi giza limeshaingia, na kwenye mwendokasi huwa nimesimama. Mume wangu hapingi, ila anasema nitaanza na mazingira nimalize na kumnyima nyama.

Nianze na lipi ambalo litadumu? Naomba wenye kuishi maisha kama yangu wanijibu. Nawasilisha.

Kijiwe_Manzese

Naweka mkeka hapa nasubiri wataalamu. LUKU ya pamoja ina siasa kuliko uchaguzi mkuu.

FundiUmeme_Mbezi

Dada, anza na maharage. Sikutanii. Mkaa wako mwingi unaishia kwenye vyakula viwili vitatu vinavyochemka kwa saa nyingi. Ukivihamisha hivyo tu, gunia linabaki muda mrefu bila kugusa kitu kingine.

Usinunue jiko la koili, lile la waya unaowaka mwekundu. Hilo linakula umeme na wapangaji wenzako watakuwa na haki ya kununa. Tafuta presha ya umeme, ile sufuria yenye mfuniko wa kufunga na vitufe mbele. Nyingi zina wati 1,000 hivi, lakini haziwaki muda wote: zikifika presha zinakata, zinawaka tena kidogo kidogo. Sufuria ya maharage ya familia yako, yaliyolowekwa usiku, haifiki uniti moja.

Sasa bei. Mita iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, isiyovuka uniti 75 kwa mwezi, inalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Mita ya kawaida inazidi shilingi 350 kwa uniti ukiweka na kodi. Kaya tano kwenye mita moja lazima mtavuka 75, kwa hiyo hata yule bibi mwenye taa moja na redio analipa bei ya juu kwa sababu yenu. Hapo ndipo ugomvi wa uwani unapoanzia, na watu wanadhani ni pasi ya fulani. Hata kwa bei hiyo ya juu, maharage yako hayafiki shilingi 400. Pima na mkaa unaoumalizia sufuria hiyohiyo.

Ya kufanya: ongea na mwenye nyumba akuruhusu kufunga mita ndogo ya kuhesabia chumba chako. Haileti LUKU nyingine, inahesabu tu umetumia ngapi, mnagawana kwa hesabu badala ya kwa hasira. Fundi afunge, usimpe jirani anayejua kidogo. Na presha ichomekwe moja kwa moja ukutani, siyo kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji.

Mkaa_na_Mwiko

Fundi unauza majiko nini? Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, watoto wale vitufe? Mimi mkaa siachi, na maharage ya mkaa yana ladha yake, tusidanganyane.

Ila kwa mleta uzi: kama bado unatumia mkaa, tumia jiko la udongo lililovikwa bati, siyo lile la bati tupu linalopasha miguu yako. Loweka maharage tangu usiku. Yakishachemka vizuri, funika na upunguze hewa pale chini. Watu wengi mkaa wanaumalizia kwa kuacha jiko limefunguka kama tanuru la fundi chuma huku wao wanachati. Na chakula kikiiva, mkaa uliobaki ufunike na majivu, kesho unauwasha tena.

FundiUmeme_Mbezi

Mkuu siuzi chochote. Ukikatika umeme ana gesi. Nilichosema ni ahamishe vyakula vya saa tatu, hakuna aliyemwambia avunje jiko. Na huo mkaa hauji wenyewe mjini. Kwa tanuri zetu za kienyeji za kufukia udongo, kilo moja ya mkaa inakula kilo nyingi za mti, sehemu kubwa inapotea na moshi hukohuko porini Pwani na Morogoro. Serikali yenyewe imeshaweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ladha tutaizoea.

MuuguziMstaafu

Mwanangu, hongera kwa kufikiria haya mapema.

Kwanza, jiko la mkaa lisiingie ndani, hata mvua ikinyesha, hata likionekana limekwisha. Ile hewa ya sumu haina harufu wala moshi, na chumba chenye madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya mbu ndicho kinachoua. Hili ningelitanguliza kabla ya mazingira yote.

Mazoezi: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi au shughuli inayolingana na hiyo. Wewe muda wa kwenda uwanjani huna, ila una safari. Asubuhi shuka DIT au Kisutu, umalizie kwa mguu hadi Posta. Jua bado halijachachamaa, na viatu vya ofisini vikae kwenye mkoba. Usifanye hivyo jioni, jioni umechoka na utaacha.

Chakula: maharage na mboga za majani ni chakula kizuri, tatizo letu ni chumvi na mafuta. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja, na humo mmehesabiwa na vile viungo vya pakiti. Nyama mpe mumeo, ila ikae pembeni ya maharage.

Usingizi nao ni afya. Simu ilale sebuleni. Saa saba za kulala ndizo za chini kwa mtu mzima, na ukizipata utashangaa hamu ya chipsi inavyopungua.

Mpangaji_Kimara

Asanteni sana. Fundi, wazo la mita ndogo sikuwahi kulisikia, nitamfuata mwenye nyumba mwisho wa mwezi akiwa na furaha ya kodi. Mama Muuguzi, shikamoo. Hilo la jiko la ndani nimewasomea na majirani.

Nina swali: nikipika maharage mengi kwa mara moja, vipi kuhusu kiporo? Friji ninayo ndogo. Na taka nizifanyeje wakati hata pa kuchimba shimo hakuna?

MuuguziMstaafu

Marahaba. Maharage gawa kwenye vibakuli vyenye mfuniko yakishapoa, weka kwenye friji, na unachotoa kipashe hadi kichemke kabisa, siyo kuwa vuguvugu. Usisubiri ya jioni yalale mezani hadi asubuhi. Wali ndio hatari zaidi, hasa wa nazi. Usikae nje zaidi ya saa mbili kwa joto la Dar. Najua kiporo cha wali na chai tumekulia, lakini kiporo cha kwenye friji nacho ni kiporo.

Ukiunga nazi, ungia kile unachokula siku hiyo, kingine kibaki bila nazi.

BibiBustani_Goba

Taka za jikoni nyingi ni maganda na majani, na hizo ndizo zinazonuka na kuita nzi. Ukizitenga tu, kinachobaki cha kumpa kijana wa mkokoteni ni kidogo na kikavu. Tafuta ndoo kuukuu yenye mfuniko, toboa matundu chini, weka udongo kidogo, maganda, kisha majani makavu au maboksi yaliyochanwa, halafu udongo tena. Usiweke nyama, samaki wala mafuta, utawaita panya wa Kimara yote. Ikinuka ujue imelowa mno, ongeza makavu.

Mboji hiyo unaitia kwenye viroba vya unga au mchele, unapanga ukutani panapopata jua la asubuhi. Matembele ndiyo mboga ya mvivu: ukishachuma, yanachipua tena. Mchicha baada ya wiki tatu, nne unakula.

Chupa za plastiki usitupe, kusanya kwenye gunia, wapo wanaopita kununua kwa kilo. Hela ni ndogo, lakini watoto wako watakuwa wakali kwa chupa kuliko polisi.

Na ile mifuko mbadala iliyokuja baada ya katazo la Juni 2019, inayofanana na kitambaa, mingi ni plastiki vilevile. Faida yake ipo ukiitumia mpaka ichanike. Kila ukienda sokoni ukanunua mpya, hujabadilisha kitu. Mmoja ukae ndani ya mkoba wa kazini, maana nyanya unanunua ukitoka kazini, hutoki nyumbani kwenda kuzinunua.

Dumu_la_Maji

Kwenye maji dada uko vizuri kuliko wenye mabafu ya mvua, ndoo moja unaoga unamaliza. Cha kuongeza: maji ya kusuuzia nguo yaende chooni, usimwage. Masika yakija kinga bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo bati la mita 50 za mraba mvua ikipiga milimita 20 ni lita 1,000. Madumu yatakuishia. Ya kwanza yaache yapite, yanaosha vumbi na mavi ya ndege, na utakayokinga baada ya hapo ni ya kufulia na chooni.

Ila FUNIKA. Mbu wa dengi anazaliana kwenye maji masafi yaliyotulia na anauma mchana. Sahani ya chini ya ua inamtosha, na viroba vya bibi hapo juu visituamishe maji.

Mpangaji_Kimara

Nimepata pa kuanzia. Wiki hii ni kuloweka maharage na kushuka Kisutu, basi. Presha itasubiri mita ndogo. Mume amesoma uzi wote, amefurahi alipofika kwenye nyama.

Bibi wa Goba, mbegu za matembele wananunua wapi?

BibiBustani_Goba

Hainunuliwi mwanangu. Matembele yanapandwa vikonyo. Ukinunua fungu sokoni chagua lenye vikonyo virefu, chuma majani ule, vikonyo vikate urefu wa kiganja, chomeka nusu ardhini jioni, mwagilia.  Ukikwama njoo Goba nikupe, nina mengi hadi kuku wameyachoka.

Kijiwe_Manzese

Bibi, na sisi wa Manzese tuje?