MREJESHO: Picha za taarabu kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wiki iliyopita niliuliza nipigeje picha kikundi cha taarabu ukumbini huku Mji Mkongwe, maana zangu za mwanzo zote zilitoka na ukungu. Juzi usiku nimerudi na wenzangu watatu.

Flashi niliizima kabisa, kama mlivyosisitiza. Nikaazima lenzi ya 50mm, nikaifungua mpaka f/1.8 (tundu pana, mwanga mwingi uingie), ISO 3200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/125 (muda wa kupiga, sehemu ya sekunde). Mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa, katoka safi: hata zile pete za vidoleni anazopigia nyuzi zinaonekana. Na aliyeniambia nimvizie mwimbaji anapovuta pumzi baina ya beti, Mungu akubariki, ndipo uso unapotulia.

Palipogoma ni kwa mpiga fidla. Upinde hautulii, 1/125 haikutosha. Nilipopanda 1/250 na ISO 6400, chenga (vile vidoadoa vya picha) zikajaa kwenye kiza. Picha ya wenzangu pamoja na bendi nayo haikufaa: wao wako wazi, jukwaa nyuma yao limepotea kwenye ukungu kwa ule uwazi wa lenzi.

Wekundu wa taa niliupunguza nyumbani, kwa kuwa nilipiga RAW, yaani picha ghafi ambayo rangi zake hurekebishika baadaye. Ahsanteni sana, nyote mlionijibu.