Fomu ya kuainisha wafungwa: tutajuaje kama inafanya kazi?

Swali
Wakuu, nimepewa kazi ya kutathmini jinsi gereza linavyowapanga wafungwa katika ulinzi wa juu, wa kati na wa chini. Fomu inatoa alama kwa uzito wa kosa, hukumu za nyuma, historia ya kutoroka, nidhamu na umri. Mafaili ya miaka miwili ninayo. Nianzie wapi?

KalamuNyekundu
Anza na fomu yenyewe. Okota mafaili 50 bila kuchagua, maafisa wawili wayajaze kila mmoja kivyake, kisha linganisha kipengele kwa kipengele. Usiishie kwenye jumla, maana makosa mawili yanaweza kufutana na jumla zikalingana. Mara nyingi utaona wanagongana kwenye kutoroka: mmoja anamhesabu aliyechelewa kurudi kutoka kazi ya nje, mwingine anamhesabu aliyeruka ukuta tu. Hapo wa kulaumiwa ni maelekezo ya fomu, si afisa.

Halafu hesabu waliopewa ngazi tofauti na alama zao. Asilimia 5 hadi 15 ni kawaida. Ikizidi sana, fomu ni pambo tu. Na kama karibu wote wamepandishwa, hakuna aliyeshushwa, dai sababu zilizoandikwa.

Mizani
Nidhamu usiipime kwa idadi ghafi. Aliyekaa mwezi na aliyekaa mwaka hawalingani, kwa hiyo hesabu makosa kwa kila miezi 100 ya kukaa gerezani. Tenga mashambulizi na ukaidi wa amri. Ukaidi hutegemea mno ukali wa askari wa zamu, na kwenye ulinzi wa juu macho ni mengi, kwa hiyo mengi huandikwa.

Angalia pia walio pembeni mwa mpaka wa alama unaotenganisha ngazi moja na nyingine, juu kidogo na chini kidogo. Wakilingana kwa makosa, usikimbilie kusema mpaka ni mbovu. Huenda ulinzi wenyewe ndio uliowazuia wale wa juu.

Muuliza swali
Asanteni. Na wanawake?

KalamuNyekundu
Wachambue peke yao. Fomu iliyotungwa kwa kuangalia wanaume huwapandisha ngazi bila sababu. Kanuni ya 41 ya Kanuni za Bangkok (2010), kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, inataka izingatiwe kwamba kwa jumla hatari yao kwa wengine ni ndogo zaidi.

Usisahau mapitio, yaani pale mfungwa anapopimwa upya baada ya muda. Kama kosa la awali linabeba alama zilezile kila mapitio, mwenye nidhamu njema hashuki kamwe. Fomu ya mapitio iwe yake, uzito uhamie kwenye mwenendo wa gerezani.