Mjadala: Unene wetu ni wa mahamri tu, au plastiki nayo ina mkono?

Mama Swaleh, Kisauni:
Ndugu zangu, Jumapili asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya mbaazi. Muuzaji akateka mbaazi za nazi zikitokota, akamimina kwenye kikopo cha plastiki hadi ubavu ukalegea kwa moto. Binti aliyepokea ni mjamzito. Alikishika kwa pindo la leso asiungue. Tui ni mafuta, na kemikali za kulainisha plastiki, thaleti, huyeyuka kwenye mafuta. Zikiingia mwilini huvuruga homoni, na wapo wasemao ndizo zinazotunenepesha. Kaunti ya Mombasa ipige marufuku chakula cha moto kwenye plastiki. Mifuko ya plastiki iliondolewa Agosti 2017, kwa nini hili lishindikane?

Mwalimu Juma, Changamwe:
Mama, hapo umekwenda mbio. Plastiki si moja. Thaleti iko zaidi kwenye plastiki laini ya PVC. Bisfenoli A, kemikali nyingine ya plastiki, iko kwenye ile ngumu ing'aayo kama kioo, na kwenye utando wa ndani ya mikebe. Na unene? Mahamri manne, chai ya vijiko vitatu vya sukari, kisha tuktuk hadi mlangoni. Ukimwambia mtu ni kemikali, soda hataacha.

Fundi Omari, Likoni:
Mwalimu, mimi napaka rangi vyombo vya baharini. Zamani rangi ya chini ya maji ilikuwa na tributilitini, sumu ya kuzuia viumbe vya baharini kushika kwenye chombo. Konokono wa baharini wa kike wakaota viungo vya kiume, ndipo ukaandikwa mkataba wa kimataifa mwaka 2001 wa kuikataza, ukaanza kazi 2008. Huku nyuma, 2006, Bruce Blumberg na Felix Grün wa Marekani waliwapa panya wenye mimba tributilitini hiyo. Watoto wao wakazidi mafuta mwilini. Inazigeuza seli changa kuwa seli za mafuta. Kemikali za namna hiyo wakaziita obesojeni, yaani vinenepeshaji. Sisi tulikuwa tukikwangua rangi kuukuu bila hata kitambaa puani, na hakuna aliyetuambia kitu.

Mwalimu Juma:
Pole, Fundi. Hilo ni dhuluma. Kwa panya nakubali. Kwa watu, tafiti nyingi hupima kemikali kwenye mkojo na uzito siku hiyo hiyo, hujui kipi kilitangulia: pengine anayekula sana vya mikebe ndiye anayenenepa na ndiye mwenye bisfenoli nyingi. Ulaya mwaka 2023 walishusha kiwango salama cha bisfenoli A mara 20,000, lakini kwa ajili ya kinga ya mwili, si unene. Ila kwa mtoto aliye tumboni, hapo sibishani.

Mama Swaleh:
Basi tuanzie hapo hapo, kliniki za wajawazito. Waambiwe mahamri na waambiwe plastiki. Muuzaji nilimuuliza, akasema kikopo ndicho rahisi, na jani la mgomba halibebi mchuzi. Sina la kumlaumu, ana watoto wa kulisha. Jumapili nabeba mabakuli mawili ya bati, moja la yule binti nikimkuta.