Naomba ushauri: lebo ya gramu peke yake inatosha Marekani?
Habari zenu wakuu. Nafunga kahawa ya kusaga hapa Moshi, pakiti za gramu 250, na ndugu yetu aliyeko Minnesota anataka niwe namtumia aiuze dukani kwake. Yeye anasema lebo lazima iwe na aunsi. Mchapaji wangu anabisha: eti metriki ni halali Marekani tangu 1866, na sheria ya 1988 ikaufanya uwe mfumo unaopendelewa kwenye biashara, basi gramu zinatosha.

Kwa nilivyosoma, ndugu yetu ndiye yuko sahihi. Sheria ya 1975 iliacha kuhamia metriki kuwe hiari (barabarani kwao bado ni maili). Lakini sheria ya vifungashio, baada ya marekebisho ya 1992, inataka vipimo vyote viwili kwenye bidhaa nyingi za dukani. Yangu ingesomeka 250 g na 8.8 oz.

Aliyewahi kupeleka vyakula huko anisaidie: stika ya aunsi juu ya lebo ya zamani inapita, au nichapishe upya? Stoo kuna rundo la lebo na uchapaji si bei ndogo. Au nihamie kabisa gramu 340, ambazo ni aunsi 12?