Jaa langu la mboji lanuka na limeingia funza, nimekosea wapi? (Lamu)

bintiamu:
Assalaam aleykum wanajamvi, naomba msaada. Nimeanza jaa la mboji uani kwetu hapa Langoni toka mwezi wa pili, nataka mbolea ya mchicha na asmini zangu, na samadi ya punda naipata bure kila asubuhi. Natia maganda ya viazi na ndizi, machicha ya nazi, vichwa na matumbo ya samaki, mafuta yaliyobaki ya kukaangia, jivu la mkaa. Juzi nimefukua na jembe nikakuta limeshikana kama uji, funza wanatambaa juu juu, na harufu yake mpaka jirani amekuja kubisha hodi. Paka nao wamehamia, wafukua samaki na wananya hapo hapo. Nakaa na mkaza mwanangu ana mimba ya miezi minne, hilo ndilo lanikosesha usingizi. Nitupe lote?

mkulima_mpeketoni:
Waaleykum salaam mama. Usitupe. Shida kubwa ni samaki na mafuta. Samaki anavuta nzi, panya na kunguru, mafuta nayo yanaziba hewa, na jaa likikosa hewa ndio linanuka hivyo. Nyama, mifupa na maziwa pia usitie. Machicha weka konzi moja tu uchanganye na majani makavu, ukimwaga rundo yanachacha. Jivu acha kabisa, udongo wenu wa matumbawe una chokaa ya kutosha.

nesi_pwani:
Mama huyo mkaza mwanao asiguse hilo jaa, tafadhali. Mavi ya paka yanaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, mjamzito akiambukizwa vinaweza kumfikia mtoto tumboni, na jaa dogo la uani halipati joto la uhakika la kuviua. Akienda kliniki aeleze kwamba kuna paka hapo. Mboji hiyo usitie kwenye mchicha hata kidogo, iwe ya asmini tu, nawe uvae glavu. Mavi ya mbwa na pampasi pia hapana.

fundi_randa:
Mimi nachonga milango, maranda ya mbao mpya njoo uchukue gunia zima, tia sehemu tatu za vitu vikavu kwa moja ya vibichi. Ila ukipewa vumbi la mbao za jahazi kuukuu kataa, zimepakwa rangi miaka na miaka, hiyo sumu itaishia kwenye mboga.

mkulima_mpeketoni:
Na ndago mama, ukizing'oa usizitupe humo mbichi, vile viazi vyake vinachipuka upya. Zianike kwenye bati mpaka zikauke kabisa.

bintiamu:
Mwenyezi Mungu awalipe. Samaki nimewatoa, maranda nimetia, nimefunika na wavu mzito na mkaza mwanangu nimemkataza kupita huko. Jaa la mboga nitaanza jengine kando. Je mwani wa ufuoni wafaa?

mkulima_mpeketoni:
Unafaa sana, uoshe kwanza chumvi kwa maji matamu.